Safari ya gofu Norfolk kutoka Mombasa: anza na jedwali la maji

Wengi wakipanga safari ya gofu Uingereza huanza na tiketi ya ndege, kisha hoteli, halafu viwanja. Kwa Norfolk, kaunti ya pwani ya mashariki, mpangilio huo hukuharibia safari. Anza na maji. Uwanja unaostahili zaidi kusafiriwa mbali huko ni Royal West Norfolk, pale Brancaster. Uko kwenye ukanda wa vilima vya mchanga kati ya bahari na kinamasi cha maji ya chumvi, na barabara yake ya pekee hufunikwa bamvua likiwa kubwa. Ukikosea siku, utakwama nje huku saa yako ya kuanza ikipita, au utakwama ndani na gari lako limesimama penye maji.

Mtu wa Pwani hana haja ya somo refu hapa. Mwezi ukiandama au ukipevuka, siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana; hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa robo ni maji mafu. Tofauti ni ukubwa. Kilindini, kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua ni mita tatu na ushei. Kwenye ghuba ya The Wash, jirani na mji wa Hunstanton wenye uwanja mwingine mkubwa, ni zaidi ya mita sita, na ardhi yenyewe ni tambarare, kwa hiyo maji huingia kwa kasi na kwa mapana. Upande huo wa pwani, maji makubwa ya bamvua huangukia asubuhi na jioni. Kwa hiyo wiki ya maji mafu ndiyo wiki ya kuchagua. Ikibidi uende wiki ya bamvua, omba kuanza katikati ya siku, na acha angalau saa moja kabla na saa moja baada ya kilele cha maji bila kugusa barabara ile.

Kosa la kawaida hapa ni la saa. Majedwali mengi ya maji huchapishwa kwa saa za Greenwich, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza husogezwa mbele kwa saa moja. Ukisoma jedwali bila kuongeza saa hiyo, utafika maji yakiwa bado yanapanda huku ukidhani yanashuka. Angalia kichwa cha jedwali kinasemaje, kisha uwaulize klabu wenyewe. Wao huishi kwa jedwali hilo. Usijaribu kupita na gari la kukodi hata maji yakionekana ya kifundo cha mguu. Maji ya chumvi hula breki na nyaya, na mikataba mingi ya kukodi gari hailipi hasara ya namna hiyo.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku, hivyo raundi ya pili ya jioni inawezekana bila haraka. Agosti iache: ni likizo, nyumba za kupanga ni ghali, na klabu kubwa huwapa wanachama wake nafasi kwanza. Norfolk ni miongoni mwa sehemu zenye mvua chache Uingereza, lakini upepo haukosekani.

Ukishapata wiki mbili au tatu zinazofaa kwa maji, andika barua pepe kwa katibu wa kila klabu, miezi sita kabla ikiwezekana. Taja tarehe zote unazoweza, idadi ya wachezaji, handikapu ya kila mmoja (namba inayoonyesha kiwango chake cha uchezaji) na klabu yako ya nyumbani. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi waliozoea viwanja vya Nyali au Vipingo, ambako watu wanne hutoka pamoja kila mmoja na mpira wake. Brancaster haukubali hivyo. Mnacheza wawili, au mnacheza wanne mkiwa pande mbili, kila upande na mpira mmoja, wenzi wakipokezana mapigo. Mmoja huanza kwenye mashimo ya namba witiri, mwenzake ya namba shufwa. Hunstanton nao una desturi hiyohiyo, ila zipo siku unazoruhusu watu wanne na mipira minne. Uliza siku hizo kabla ya kulipa. Kundi la watu watatu ndilo lenye taabu kubwa kuliko yote. Nendeni wawili au wanne.

Tunapendekeza mfanye mazoezi ya kupokezana mpira kabla ya kuondoka. Mchezo huo ni wa kasi, na ukipiga vibaya mwenzako ndiye anayekwenda kutafuta namna ya kutoka kichakani. Mkiwa na mmoja anayepiga mbali na mwingine aliye hodari karibu na grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), pangeni mapema nani aanze witiri kwa kuangalia kadi ya uwanja: mashimo mafupi ya par 3, yaani ya kumalizwa kwa mapigo matatu, yako upande gani?

Kuhusu handikapu, Kenya na Uingereza zote zinatumia mfumo wa kimataifa, kwa hiyo namba yako inasafiri nawe. Chukua uthibitisho ulioandikwa na klabu yako, maana huko huulizwa. Handikapu ya kuchezea uwanja husika hupatikana kwa kuzidisha namba yako kwa slopu ya uwanja (kipimo cha ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida), kugawa kwa 113, kisha kuongeza tofauti kati ya reti ya uwanja (mapigo yanayotarajiwa kwa mchezaji hodari) na par ya uwanja mzima. Hatua hiyo ya mwisho Uingereza iliiingiza mwaka 2024, kwa hiyo kadi na vibao vya zamani visikuchanganye. Mfano: namba 18.0, slopu 130, reti 72.5, par 72. Utapata 20.7, ongeza 0.5, jumla 21.2, yaani mapigo 21.

Ada ya raundi moja Hunstanton au Brancaster wakati wa kiangazi ni kubwa. Bei za jioni hushuka sana katika klabu nyingi, basi uliza.

Viza ya mgeni huombwa mtandaoni, si mapema kuliko miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Ambatisha barua za klabu zinazothibitisha nafasi, taarifa za benki na barua ya kazi au hati za biashara. Usinunue tiketi isiyorudishiwa pesa kabla ya viza.

Mfuko wa fimbo ndio mzigo unaoleta ugomvi uwanja wa ndege. Ukinunua tiketi ya Mombasa hadi Nairobi kando na ile ya London, kila ndege ina sheria yake ya uzito, na kilo zilizokubaliwa safari ndefu zinaweza kulipiwa kwenye safari fupi. Nunua tiketi moja hadi Heathrow, kisha usajili mfuko kama vifaa vya michezo siku ileile ya kukata. Fungua vichwa vya draiva (fimbo ya kupigia mbali) na fimbo nyingine zinazofunguka, viviringishe kwenye taulo, na tia gongo la kukinga lililo refu kupita fimbo yako ndefu zaidi, ili mfuko ukiangushwa kwa kichwa pigo liingie kwenye gongo. Darubini ya kupimia umbali yenye betri ya lithiamu iwe mkononi. Safisha udongo wote kwenye viatu, fimbo na tii (vijiti vya kuwekea mpira), kwa sababu Uingereza hairuhusu udongo kutoka nje ya Ulaya.

Leseni ya Kenya inakutosha kuendesha huko kwa muda wa miezi 12, na wao pia hupita kushoto. Kampuni za magari hutaka kadi ya benki yenye jina la dereva mwenyewe kwa ajili ya amana, na nyingi hukataa kadi isiyo ya mkopo. Watu wanne wenye mifuko minne hawaenei kwenye gari la kawaida; chukueni gari la viti tisa au magari mawili. Kutoka Heathrow hadi Hunstanton ni kama saa tatu kwa barabara za M25, M11, kisha A10 hadi King's Lynn, halafu A149. Baada ya usiku mzima ndani ya ndege, usipange raundi siku hiyo. Asiyetaka kuendesha anaweza kupanda treni kutoka King's Cross hadi King's Lynn, chini kidogo ya saa mbili, kisha teksi.

Lala magharibi ya Norfolk usiku tatu, Hunstanton au vijiji vya Thornham na Brancaster, halafu hamia mashariki. Anza na uwanja wa Hunstanton, ulioanzishwa 1891, upate kuzoea upepo na grini za kasi kabla ya Brancaster. Shimo la 16 ni par 3 ambalo mwaka 1974 mchezaji Bob Taylor alilitumbukiza kwa pigo moja siku tatu mfululizo. Siku ya pili au ya tatu iwe Brancaster, kulingana na maji. Mashimo tisa ya kwanza yanakwenda upande mmoja na tisa ya mwisho yanarudi, kwa hiyo upepo uliokusukuma utakulipisha. Banka (mashimo ya mchanga) kadhaa zimejengewa kuta za mataruma ya reli. Mpira ukikaa chini ya ukuta huo, toka kwa nyuma au kwa upande. Anayelazimisha mbele hurudishiwa mpira miguuni.

Barabara ya pwani kuelekea uwanja wa Sheringham, upande wa mashariki, ni nyembamba na inapita katikati ya vijiji, kwa hiyo hesabu zaidi ya saa moja. Sheringham uko juu ya majabali, na treni ya mvuke hupita kando yake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1920 mchezaji Joyce Wethered alisukuma mpira wake wa ushindi treni ikinguruma, na alipoulizwa kama haikumsumbua, akajibu: "Treni gani?" Royal Cromer uko mwendo wa dakika kumi na tano tu kutoka hapo, karibu na mnara wa taa. Viwanja hivi viwili vinatosha kwa siku mbili.

Makedi, yaani wabeba fimbo, usiwategemee. Utabeba mwenyewe au utasukuma toroli, utasawazisha mchanga wa banka na kuziba alama za mpira kwenye grini. Punguza fimbo ziwe kumi au kumi na moja na tumia mfuko mwepesi wenye miguu. Chukua koti lisilopitisha maji, sweta mbili na kofia ya sufu hata Juni, pamoja na koti rasmi moja na tai kwa vyumba vya klabu vinavyodai hivyo. Simu izimwe ndani.

Nyasi zao ni nyembamba na ardhi ngumu, tofauti na nyasi nzito za kwetu. Mpira wa juu hupeperushwa, na weji (fimbo ya kupigia mpira juu) yenye kitako kinene hudunda ardhini ikagonga mpira katikati. Jifunze kupiga chini: fimbo ya chuma namba 7, mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, mkono mfupi, uutue mita tano kabla ya grini na uuache utembee. Pahali pa mazoezi ni uwanja wa mashimo tisa wa Mombasa Golf Club wakati wa kusi, upepo ukitoka baharini moja kwa moja. Norfolk pia baridi hufupisha mpira, hivyo ongeza fimbo moja.

Kwa anayekula halali, nyumba yenye jiko ni bora kuliko hoteli. Baadhi ya maduka ya samaki na chipsi hukaangia mafuta ya ng'ombe, uliza kabla ya kuagiza. Kaa wa Cromer ni mtamu kweli. Jikoni za baa hufunga kama saa tatu usiku, kwa hiyo aliyepanga raundi ya jioni aweke chakula chake nyumbani. Misikiti ipo Norwich. Juni magharibi huingia baada ya saa tatu usiku na alfajiri ni mapema mno, basi panga usingizi wako mapema.

Siku ya kurudi, toka Cromer angalau saa nane kabla ya ndege kuruka: saa nne za barabara hadi Heathrow msongamano ukiwemo, saa moja ya kurudisha gari, na saa tatu za uwanjani, kwa kuwa mfuko wa fimbo hupelekwa kaunta ya mizigo mikubwa na foleni yake haina haraka.