Unataka kulima uyoga ndani ya nyumba? Soma hii kabla hujanunua mbegu

Kila wiki naulizwa kuhusu uyoga mamama (oyster), eti hauhitaji shamba, chumba kimoja tu kinatosha. Kweli kinatosha, ila kuna mambo uyajue kwanza.

Mbegu nunua kwa mtu anayezalisha mwenyewe, ukiona chupa ya mbegu ina madoa ya kijani au meusi usiipokee. Malighafi usihangaike, majani ya mpunga, migomba mikavu, mabua ya mahindi, vyote vinafaa mradi vikavu na havina ukungu. Katakata, loweka usiku kucha, chemsha kwenye pipa masaa mawili matatu, halafu ACHA YAPOE, ukipanda yakiwa moto umeshaua mbegu. Kamua kiganjani, yakidondosha tone moja mawili sawa, yakitiririka subiri kwanza. Pakia kwenye mifuko pamoja na mbegu, weka gizani wiki 3 mpaka 4 hadi mfuko uwe mweupe wote ndo utoboe, na toka hapo chumba kiwe na unyevu muda wote.

Sasa chumba chenyewe. Hapa nisikilize vizuri. Mimi nilikuwa Morogoro, nyumba ya kupanga, nikaweka mifuko 120 kwenye stoo iliyopakana na chumba alicholala mama yangu. Uyoga ukaja vizuri mno, nikawa nauacha ukue mkubwa ili uzito uongezeke. Asubuhi nakuta vumbi jeupe kwenye mashelfu na sakafuni, nafuta naendelea. Mama akaanza kukohoa usiku, jioni homa, kifua kinabana, tukapima TB hamna, tukapewa dawa hola. Akaenda kwa dada wiki mbili akapona kabisa, aliporudi kwangu siku ya tatu tu kikohozi hicho tena! Daktari mmoja ndo akauliza, humo ndani mnafanya shughuli gani? Kumbe lile vumbi ni spora za uyoga, yaani chembe ndogo ndogo unazozalia, mamama anazimwaga kwa wingi sana akikomaa, na ukizivuta kila siku mapafu yanaweza kuvimba. Mama yangu aliteseka miezi miwili kwa sababu ya gramu chache nilizokuwa nazitafuta, bado inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo usilimie chumba kinachopakana na wanapolala watu, HASA wazee, watoto na mwenye pumu. Kama huna banda la pembeni, subiri mpaka upate. Vuna kingo za kofia zikiwa bado zimejikunja kwa chini, zikishanyooka umechelewa. Dirisha liwe na wavu wa kuzuia nzi, barakoa vaa kila ukiingia, sakafu futa na kitambaa kibichi usifagie kavu.

Mengine ni ya kawaida, usipande mifuko yote siku moja maana itazaa wiki moja na uyoga mbichi hata kwenye friji haukai siku nyingi, wateja tafuta mapema, mifuko iliyochoka usitupe ni mboji nzuri ya bustani, mfuko wenye ukungu wa kijani toa nje siku hiyohiyo usiufungulie ndani, waya wa taa usipite panapomwagiliwa, mikono nawa, na watoto wasiingie humo kucheza.