Kudai hela yako mahakamani bila kuzeeka nayo (somo kwa wanaofungua kesi ya madai Tanzania)

Wakuu habari zenu. Mimi sio wakili, ni muuza simenti niliyemdai mkandarasi milioni 42, nikazunguka na hiyo kesi miaka mitatu kasoro miezi miwili, na nikikaa nikapiga hesabu naona karibu nusu ya huo muda niliupoteza mwenyewe, sio hakimu.

Hatua 1: jua pa kuanzia. Deni la mkataba lisilozidi milioni 30 ni mahakama ya mwanzo, likizidi hapo ndo uende wilaya. Usiruke, sheria inataka uanzie mahakama ya chini kabisa yenye uwezo na kesi yako.

Hatua 2: hati ya madai, yaani karatasi ya kufungulia kesi. Hapa niliumia. Niliandika mdai ni jina la duka langu, wakili wa jamaa akakaa kimya weee, siku ya siku akaibuka na pingamizi la awali kwamba duka ni jina la biashara tu sio mtu, haliwezi kumshtaki mtu. Na alikua sahihi! Kesi ikaondolewa, nikalipa ada upya, nikaanza moja, miezi nane imekwenda na maji. Kwahiyo andika jina lako wewe, afu "anayefanya biashara kwa jina la" duka lako. Oda, invoisi na karatasi za kupokelea mzigo zenye saini yake ziambatanishe zote.

Hatua 3: samansi, yaani wito wa mahakama kwa mdaiwa. Hii ndo inaua kesi nyingi na watu hawajui. Mdaiwa ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi ila hazihesabiwi tangu ufungue kesi, zinahesabiwa tangu apokee samansi, na wangu alilijua hilo vizuri. Mpeleka samansi akifika mlinzi anamwambia bosi kasafiri, na gari la bosi liko pale chini ya mwembe vioo vimeshushwa. Tarehe ikifika tunaambiwa mdaiwa bado hajapata wito, ahirisho. Mara nne! Dawa yake usisubiri, mpeleka samansi aape kiapo kwamba kamtafuta kamkosa, na wewe uombe ibandikwe mlangoni kwake au itangazwe gazetini. Mimi nililipia gazeti, wiki iliyofuata bosi "karudi safari" na wakili juu.

Hatua 4: usuluhishi, usizidi siku 30, mkishindwana mnaendelea na kesi, ambayo inapangiwa muda wa miezi 10, 12, 14 au 24 kutegemea uzito wake. Hiyo ni kwenye karatasi, wangu hakimu alihamishwa ushahidi uko katikati. Cha muhimu ujue tofauti ya tarehe ya kutajwa na ya kusikilizwa. Ya kutajwa ni ya kuangalia kesi imefikia wapi na kupanga tarehe, hakuna ushahidi. Ya kusikilizwa nenda na shahidi mkononi, mimi dereva wangu wa fuso alikua Tunduma siku anatakiwa kizimbani, hilo ahirisho ni langu.

Hatua 5: hukumu sio hela. Siku hiyohiyo omba nakala ya hukumu na tuzo (karatasi ya mahakama inayosema ulipwe nini), peleka maombi ya utekelezaji wa hukumu na utaje mali zake wewe mwenyewe maana dalali wa mahakama, yule anayekamata na kuuza mali za mdaiwa, hazungukii mtaani kukutafutia. Akikutishia rufaa usinywee, rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji mpaka mahakama itoe amri.

MASWALI

Swali: Kaka mimi nadai milioni 6 za vicoba, lazima wakili?
Jibu: Hapana dada, hiyo ni mahakama ya mwanzo, unajieleza mwenyewe. Beba daftari lenye saini.

Swali: Mkuu deni la 2017 si limeshakufa?
Jibu: Deni la mkataba unaruhusiwa kulifungulia kesi ndani ya miaka 6. Ila kama ndani ya hiyo miaka alipunguza hata laki, au aliandika na kusaini kwamba anadaiwa, muda unaanza upya hapo. Katafute meseji za miamala yako ya simu kabla hujakata tamaa.

Swali: Na ugomvi wa kiwanja?
Jibu: Njia nyingine hiyo. Unaanza baraza la kata, siku hizi wao wanasuluhisha tu hawaamui, wakishindwa ndani ya siku 30 unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Swali: Nimeshinda ila jamaa hana kitu, afungwe basi!
Jibu: Gereza la madai, yaani kufungwa kwa kushindwa kulipa deni, lipo, mwisho miezi 6, ila mzee wangu hela ya chakula chake akiwa ndani unalipa wewe uliyemfunga. Mimi nilipoambiwa hivyo nikarudi kumtafutia mali, nikapata lori moja lina jina lake.