London hadi Unguja: tarehe ya tiketi inayoanza saa sita usiku

Kutoka Heathrow hadi Uwanja wa Abeid Amani Karume, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 7,440 hivi. Ukipitia Addis Ababa zinafika 7,600, ukipitia Doha zinakaribia 9,000. Hewani utakaa saa kumi hadi kumi na mbili na ushei. Kinachorefusha safari ni kusubiri katikati, kwa hiyo angalia hapo kwanza kabla ya bei.

Saa za kwenye tiketi ni za kila uwanja na nchi yake. Kuondoka London 21:00 na kufika Unguja 13:00 kesho yake si safari ya saa 16. Toa tatu wakati wa baridi, toa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, maana Waingereza husogeza saa zao.

Sasa mtego wenyewe. Ndege ya 00:40 tarehe 14 unaiendea uwanjani tarehe 13, ukishasali Isha. Narudia: tarehe 13. Ukenda tarehe 14 usiku, ndege imeondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na ukikosa kipande cha kwanza shirika kwa kawaida hufuta na vilivyobaki. Bibi zetu hawakosei hapa: kwao siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni Alkhamisi kuamkia Ijumaa. Wazungu wanaikata siku katikati ya giza, watu wamelala, na sisi tuliokulia kwenye simu tumeiga tukapoteza hesabu iliyokuwa sahihi. Basi ukiwaandikia nyumbani usitume picha ya tiketi peke yake. Andika: "Alkhamisi kuamkia Ijumaa, saa sita na dakika arobaini usiku." Na 04:15 ni saa kumi na robo alfajiri. Si saa nne, jamani, si saa nne.

Anayetoka Pemba avuke siku moja kabla. Tiketi ya ndege ndogo ya Chake Chake si moja na ya kimataifa. Ikichelewa, hakuna atakayemngojea. Mzigo wake mara nyingi ni kilo 15 tu, na akishuka Unguja bado ana kazi ya kuhamia Terminali 3, jengo la safari za nje.

Ndugu zetu mlioko nyumbani, tunawapenda, lakini msiba ukitokea msituambie "si ndege tu, panda uje". Hata tiketi ikipatikana saa ile ile, kufika uwanjani, kukaguliwa, kukaa hewani, kusubiri katikati na kutoka Kisauni, uwanjani Unguja, hadi nyumbani kunaweza kupita saa 20. Maiti asiwekwe kwa ajili yetu. Zikeni, mtupigie, nasi tutafute tiketi ya kuwahi hitma.