Fedha zikikujia kwa wingi, tenga kwanza fungu la watu

Ukipata fedha nyingi kwa mkupuo, iwe ni urithi au biashara iliyokubali, usikimbilie gari. Amua kiasi kitakachokwenda kwa ndugu na marafiki mwaka mzima, kiweke kwenye akaunti yake, kikiisha kimeisha. Hapo jibu lako linakuwa jepesi na la kweli: "Fungu la mwaka huu limekwisha."

Anayekuja kukopa mpe kile tu ambacho kisiporudi hutamnunia. Deni dogo huua salamu taratibu: yeye anaanza kukukwepa njiani, nawe (usikatae) unaanza kuhesabu viatu vyake vipya.

Kwenye matumizi, ogopa zaidi kinachodai kila mwezi kuliko kinacholipwa mara moja. Nyumba kubwa haiishii kwenye bei. Inataka mlinzi, usafi, ukarabati.

Na raha ya vitu huzoeleka upesi. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake, huko Marekani, waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wengine wasioshinda. Hawakuwakuta na furaha iliyozidi kwa kiasi cha maana, na mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kupata kifungua kinywa, yaliwaburudisha kidogo kuliko wenzao.

Kwa hiyo yale maongezi yako ya jioni na rafiki wa zamani yaendelee palepale mlipozoea, na ikifika zamu yake ya kulipa, mwache alipe.