Kukutanisha kundi la WhatsApp ana kwa ana Nakuru (na jinsi mchango ulivyonikosesha usingizi)

Dada mmoja wa Kakamega, msimamizi wa kundi la mafundi cherehani, aliniuliza sisi wafugaji wa kuku tuliwezaje kukutana ilhali hatukuwa tumewahi kuonana. Nilimjibu kwa sauti kumi na moja za WhatsApp, akaniambia, "Kaka, andika tu." Haya, nimeandika.

Hatua ya 1: Mji na tarehe

Usipigishe kura. Kura ya mji huzaa ubishi wa wiki mbili. Tazama watu wako wanakaa wapi, uamue. Sisi tulikuwa na wa Nairobi, Eldoret, Kisumu na Kakamega, kwa hiyo Nakuru ikawa haki kwa wengi: kutoka Nairobi ni kama kilomita 160, Eldoret karibu vivyo hivyo. Chagua Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara. Januari sahau.

Hatua ya 2: Mahali

Pawe wazi, mchana, penye watu. Tulikutania Nyayo Gardens saa tano, kisha tukaenda hoteli ya karibu. Nyumbani kwa mtu hapana, hata awe msimamizi, hamjuani bado. Akina dada waje wawili wawili, na kila mmoja aache habari nyumbani anakokwenda.

Kutakuwa na mtu wa kusema twende hifadhi ya Ziwa Nakuru. Ni pazuri, lakini mtashinda garini mkitazama vifaru badala ya kuongea. Kreta ya Menengai nayo ina upepo ambao hautawaacha msikilizane.

Hatua ya 3: Mchango

Hapa ndipo nilipolala saa nane usiku, daftari mapajani. Kundini watu ni Mama Kware, Jogoo Mweupe, Kifaranga. M-Pesa inaleta majina ya kitambulisho. Watu 23 walituma elfu moja moja, nami sikujua ni nani kati yao Jogoo Mweupe. Mmoja alitumia simu ya mumewe. Mwingine alienda kwa wakala, akamtajia namba yangu pesa iwekwe moja kwa moja, kwa hiyo ujumbe ukaja na jina la duka. Wawili walilipa mia tano mara mbili, siku tofauti.

Dawa ni hii: mpe kila mtu namba, aitume ndani ya pesa. Namba 7 anatuma 1,007. Namba 14 anatuma 1,014. Hata akitumia simu ya jirani, shilingi za mwisho zitamtaja. Lakini sharti useme mapema, tena kwa herufi kubwa: asiongeze ya kutolea. Mtu mwenye adabu zake ataongeza shilingi thelathini kwa nia njema, na namba 7 atageuka namba 37 ambaye hayupo. Usihangaike na ya kutolea. Mlipe hoteli kwa namba yake ya Lipa na M-Pesa, pesa isipite mkononi mwako.

La pili, pokea kwa laini isiyo na deni. Mimi nilikuwa na Fuliza kidogo niliyoisahau, ule mkopo wa M-Pesa unaojikata pesa ikiingia. Michango miwili ya kwanza ilipoingia, deni likajichukulia chake, nikabaki kueleza kundi zima kwa nini salio halilingani na orodha. Nililipa kutoka mfukoni, ila aibu ile haikuwa na risiti.

La tatu, usikubali picha ya ujumbe kama ushahidi. Picha hutengenezwa. Angalia taarifa yako mwenyewe, halafu bandika orodha kundini kila jioni. Anayesema "niwekee, nitalipa nikifika" mwandikie sifuri. Wanne waliniambia hivyo, alifika mmoja.

Hatua ya 4: Chakula

Agiza siku mbili kabla, ulipe nusu. (Wafugaji hawakuisifu kuku ya hoteli. Wengi walikula samaki.)

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Karatasi za kubandika kifuani, zikiwa na jina la kundini, si la kitambulisho. Picha zisirushwe kabla ya kuulizana.

Kama ninyi pia ni wafugaji: asije mtu na kuku hai. Mmoja wetu alileta jogoo kwenye boksi la karatasi, zawadi ya kubadilishana mbegu. Kideri, ugonjwa unaoua kuku, husafiri hivyo hivyo, na huwezi kujua ndege wa shamba la mtu amekutana na nini. Jogoo alirudi alikotoka kwenye buti la matatu, akiwika mpaka stejini.

Hatua ya 6: Kurudi

Wa Kisumu, Kakamega na Eldoret wafunguliwe saa tisa alasiri, hata kama hadithi zimenoga. Salgaa na Mau Summit, zilizo kwenye barabara yao, si za kupita gizani. Akifika nyumbani, kila mtu aandike namba yake ya mchango kundini: "7 nimefika." Saa tatu usiku pitia orodha. Namba 14 wetu hulala bila kuandika. Mpigie mpaka apokee.