Piga hodi kwanza: kufanya sevisi ya gari kubwa la kifahari nyumbani

Siku ya kwanza kubadilisha pedi za breki za nyuma za gari langu, nilifanya nilivyozoea kwenye magari madogo: nikaweka klampu kwenye kalipa, ile koleo inayobana pedi kwenye diski, nikaanza kukaza ili pistoni irudi ndani. Ikagoma. Nikaongeza nguvu. Ikatoka sauti ndogo, tak, kama njiti ya kiberiti inapokatika. Pistoni ikarudi, nikafurahi, nikafunga kazi. Jioni nikaweka gia nyutro kujaribu handibreki. Nikabonyeza kitufe, mota ikalia kama kawaida, na gari likaanza kusogea taratibu. Nilikuwa nimevunja gia ndogo iliyomo ndani ya mota, kwa mikono yangu mwenyewe.

Handibreki ya magari haya si waya wa kuvuta. Ni mota ya umeme iliyofungwa kwenye kalipa, inayosukuma pistoni kwa skrubu. Kabla ya kugusa pistoni unatakiwa uiambie kompyuta irudishe skrubu hiyo nyuma, ndipo klampu ifanye kazi yake. Tangu siku hiyo nina sheria moja: gari hili hupigiwa hodi. Likiitikia, ndipo unalishika. Spana inafuata.

Mimi si fundi, kazi yangu ni ya mezani. Gari lenyewe ni SUV ya dizeli, silinda sita, springi za hewa, nililipata likiwa limeshapita mikono miwili. Msaidizi wangu ni mpwa wangu, kijana mwenye maswali mengi kuliko spana. Mambo ninayoeleza hapa ni yale tunayoyafanya wenyewe, na mwishoni nitataja tunayowaachia wenye ujuzi.

Kifaa cha kwanza kununua ni skana, yaani kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari. Chini ya usukani kuna soketi ya pini 16, ambayo Marekani imeilazimisha kwa magari ya kuanzia 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001 na ya dizeli kuanzia 2004. Kuna viadapta vidogo vya bluetooth vinavyosoma misimbo ya hitilafu za injini kwenye simu, na ni vizuri kuwa nacho. Lakini hicho hakitakufungulia handibreki wala kuitambulisha betri mpya. Tafuta skana inayojua lugha ya kampuni iliyotengeneza gari lako, na kabla hujailipia hakikisha imeandikwa wazi kwamba inafanya kazi hizo mbili. Ukishaichomeka, soma misimbo yote na uipige picha kabla ya kufuta chochote. Msimbo uliofutwa ni ushahidi uliotupwa.

Vingine ni vya kawaida: jeki ya tani 3, stendi za kuegemeza gari, vigingi vya kuzuia magurudumu, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia bolti. Spana ya toki si anasa. Injini nyingi za aina hii zina bodi ya alumini, na mkono wa mtu aliyekasirika unaua nyuzi za bolti kwa sekunde moja.

Sasa kunyanyua. Gari lenye uzito wa tani mbili na zaidi si la kubahatisha, na lenye springi za hewa lina akili yake: likiona upande mmoja umepanda, linaweza kujaribu kujisawazisha huku wewe uko chini. Kwenye menyu au kwenye kitabu chake utakuta hali ya jeki. Iwashe kwanza. Weka gari mahali tambarare na pagumu, zuia magurudumu yanayobaki chini, piga jeki kwenye sehemu zilizotajwa kitabuni tu, kisha liegemeze kwenye stendi. Litikise kwa mkono. Likicheza, lishushe uanze upya. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota bolti iliyoanguka.

Kuhusu oili, kosa kubwa watu hulifanya dukani kabla hata hawajachafua mikono. Huuliza namba ya uzito tu, 5W-30, wakachukua dumu lolote lililoandikwa hivyo. Kwenye magari haya namba hiyo haitoshi. Geuza dumu, soma nyuma idhini za kampuni za magari: BMW hutaka idhini kama LL-01 au LL-04, Mercedes-Benz ina 229.5, 229.51 na 229.52, na kundi la Volkswagen lina 504 00 na 507 00. Kitabu cha gari kinakwambia ipi ni yako. Kwa dizeli yenye chujio la masizi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu oili isiyofaa ikiungua huacha majivu ndani ya chujio, na majivu, tofauti na masizi, hayaungui tena. Chujio likijaa majivu haliwezi kujisafisha lenyewe. Ujazo nao usikisie: injini ya BMW ya petroli ya silinda sita, B58, huchukua lita 6.5, jirani yake ya silinda nane huchukua zaidi.

Pasha injini dakika chache ili oili iwe nyepesi, kisha izime. Usiichemshe, turbo huunguza. Chini kuna kava ya plastiki yenye skrubu nyingi, nazo hazilingani urefu. Mimi nilichora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, nikatoboa matundu, na kila skrubu inayotoka huchomekwa mahali pake kwenye mchoro. Boksi lile nimelitumia mwaka wa nne sasa, limelowa oili mpaka limekuwa kama ngozi, lakini hakuna skrubu iliyowahi kubaki mkononi.

Legeza kwanza mfuniko wa filta, hapo juu au pembeni ya injini, ili hewa iingie na oili ishuke yote. Kisha fungua bolti ya sampu, yaani chombo cha chini ya injini kinachokusanya oili, beseni likiwa tayari, maana oili hutoka kwa kishindo na hurukia mbali kuliko unavyodhani. Wakati inachuruzika, shughulikia filta. Mfuniko wake una oringi, pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje. Itoe ya zamani, iweke mezani uione kwa macho, ndipo uvishe mpya iliyopakwa oili safi. Nasisitiza kuiona kwa macho kwa sababu oringi mbili zikikaa pamoja mfuniko utakaza vizuri tu, na ukiwasha injini oili itamwagika pwaa. Washa, ile pete bapa ya bolti ya sampu, iwe mpya kila mara. Kaza kwa toki ya kitabu, kwa bolti nyingi za aina hii ni kama 25 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), yaani kidogo kuliko mkono wako unavyotaka.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponiita mara ya kwanza.

"Mjomba, kijiti cha kupimia oili kiko wapi?"

"Hakipo."

"Sasa tutajuaje?"

Magari mengi ya aina hii hayana kijiti. Sensa iliyo kwenye sampu ndiyo inayopima, na majibu yanakuja kwenye skrini, injini ikiwa imepata joto lake na gari limesimama tambarare. Kwa hiyo mimina pungufu kidogo ya ujazo wa kitabu, nusu lita hivi, washa, chungulia chini kama kuna tone, endesha mpaka joto lifike, ndipo uiombe skrini ipime. Ongeza kidogo kidogo. Ukijaza kupita kiasi, sensa italalamika na itabidi uifyonze, kazi ya kipuuzi kuliko zote. Mwisho rudisha hesabu ya sevisi kwenye menyu, na uifanye baada ya kazi, si kabla. Oili chafu irudi kwenye dumu tupu la ile mpya na ipelekwe panapopokelewa. Mtaroni si mahali pake.

Kuhusu muda: kampuni zimeurefusha, wengine kilomita 15,000, wengine hadi 30,000. Mimi sifiki huko. Injini ya turbo inayotembea safari fupi inabadilishiwa oili kila kilomita 10,000 au mwaka mmoja, lolote litangulie, na sitaki ubishi.

Betri ni hodi nyingine. Kwanza uitafute: kwenye BMW X5 iko chini ya sakafu ya buti, kwenye Porsche Cayenne na Audi Q7 za mwanzo iko chini ya kiti cha mbele. Kwa buti la umeme, ukishaikata betri usilifunge, maana halitafunguka kirahisi. Magari mengi yenye mfumo wa kuzima injini foleni hutumia betri za AGM, aina inayostahimili kuwashwa mara kwa mara, nazo zibadilishwe kwa AGM ya ukubwa uleule. Kwenye ncha hasi kuna sensa inayofuatilia uzee wa betri, na kompyuta hupanga chaji kulingana na uzee huo. Ukiweka mpya bila kuitambulisha kwa skana, kompyuta itaendelea kuichaji kama kikongwe, na betri mpya itakufa mapema huku ukimlaumu aliyekuuzia. Unapoazima umeme wa gari jingine tumia vichwa vilivyowekwa chini ya boneti, si betri yenyewe.

Pedi za breki nimeshazitaja kwa machungu. Utaratibu sahihi: skana, hali ya sevisi ya handibreki, kalipa, pistoni, pedi, kisha skana tena kuitoa kwenye hali hiyo. Waya wa sensa ya pedi ukishaliwa na diski haurudi, nunua mpya. Kabla ya kuondoa gari kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ukisahau, kanyago la kwanza litazama mpaka chini na gari halitasimama. Bolti za magurudumu kaza kwa mpangilio wa nyota, kwa namba ya kitabu. Magari mengi ya daraja hili huangukia kati ya 140 na 160 Nm.

Matairi: pima upepo yakiwa baridi, fuata kibandiko cha kwenye mlango, kisha iambie kompyuta kwamba umejaza. Kwenye gari la kuvuta magurudumu yote manne, usibadilishe tairi moja tu huku mengine yameisha. Tairi jipya lina mzingo mkubwa kuliko lililolika, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti, na boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma hushinda likisuguana. Na kama matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, hakuna kuyahamisha.

Mambo madogo: filta ya hewa na ya kabini zina mshale wa upepo, ufuate. Waipa zimejificha chini ya boneti, ukizinyanyua kwa nguvu zinakwaruza rangi. Zina hali yake ya sevisi kwenye menyu. Kulanti, maji ya kupozea injini, usiifungue injini ikiwa moto, na usiichague kwa rangi, soma idhini. AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, ina mfuniko wa buluu, isiingie kamwe kwenye tangi la dizeli. Ikiingia, usiwashe hata switchi.

Tusiyoyagusa: nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari yenye umeme mkubwa, mifuko ya hewa, na kubadilisha mafuta ya breki. Hayo ya breki hunyonya unyevu na mara nyingi hupangiwa miaka 2, ila kwenye baadhi ya magari kutoa hewa kunahitaji skana iendeshe pampu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki. Mafuta ya gia pia tunapeleka. Utaambiwa ni ya maisha yote ya gari, lakini ZF, kampuni inayotengeneza giaboksi ya 8HP iliyomo kwenye mengi ya magari haya, wenyewe wanashauri kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kiasi chake hupimwa injini ikinguruma na mafuta yakiwa kwenye joto maalumu, gari likiwa limenyanyuliwa na kulala sawasawa. Uwanjani kwangu siwezi.

Limebaki paa la kioo, ambalo ratiba nyingi za sevisi hazilitaji kabisa. Kwenye pembe zake kuna matundu yenye mipira midogo inayoshusha maji ya mvua hadi chini ya gari. Yakiziba kwa majani na vumbi, maji huingia ndani ya dari na kushuka mpaka chini ya zulia, mahali zilipolala kompyuta kadhaa za gari. Fungua paa, futa mfereji kwa kitambaa, kisha mimina maji kidogo, kikombe kimoja, kwenye pembe moja. Mpwa wangu huchuchumaa karibu na gurudumu la upande ule na kusubiri. Akisema "yametoka", tunahamia pembe nyingine. Akinyamaza, tunapitisha waya laini wa nailoni polepole. Upepo wa kompresa hatutumii, kwa sababu unaweza kuchomoa mpira kwenye kiungo chake huko ndani, na hapo utakuwa umeyaelekeza maji kwenye zulia mwenyewe.