Kuchora ramani ya maporomoko ya theluji kwa QGIS, mfano wa Davos

Fungua QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, twende. Nimechukua Davos, Uswisi, sababu data yao ya bure ni nzuri mno.

Hatua ya 1: daunlodi swissALTI3D, yaani data ya miinuko ya ardhi, kutoka swisstopo, ofisi ya ramani ya Uswisi. Ipo ya vipande vya nusu mita na ya mita 2, chukua ya mita 2, na hata hiyo ipunguze iwe mita 10. Najua utaona kama unaharibu mali, ila theluji ikijaa inafukia mawe na mashimo, kwa hiyo pale inapoteleza ni laini kuliko ardhi yenyewe.

Hatua ya 2: cheki projeksheni (mfumo wa vipimo vya ramani), iwe EPSG:2056, ule wa Uswisi unaotumia mita. Mimi mara ya kwanza niliacha data ya digrii za latitudo, mteremko ukatoka karibu 90 kila kona, barabara ya bondeni ikawa ukuta, jioni nzima nalaumu kompyuta bure.

Hatua ya 3: Raster, Analysis, Slope. Hapo unapata mteremko kwa digrii. Kisha kwenye kikokotoo cha rasta (Raster Calculator) andika "slope@1" >= 30 AND "slope@1" <= 50. Chini ya digrii 30 theluji huachia kwa nadra, na kwenye ukuta mkali sana inamwagika kidogokidogo kabla haijalundikana. Toa msitu mnene, miti inaishikilia.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi wanakosea, wanapaka nyekundu hapo juu wanasema tayari ramani ya hatari. Bado! Hapo umeonyesha inapoanzia tu. Galtür, Austria, tarehe 23 Februari 1999 walikufa watu 31, na walikuwa kijijini chini, theluji ikaingia mpaka sehemu iliyochorwa kuwa salama. Sasa chora profaili, yaani mstari wa mlima ukitazamwa kwa ubavu, kushuka bondeni, tafuta pale mteremko unapofika digrii 10, ukiwa hapo pima pembe hadi kileleni inapoanzia, hiyo ni beta. Alfa ni pembe kama hiyo, ila inapimwa kutoka pale theluji inapoishia: alfa = 0.96 × beta − 1.4. Beta ikiwa 30 alfa ni 27.4, na kama kimo toka inapoanzia hadi inapoishia ni mita 800 gawa kwa tan ya 27.4, unapata kama mita 1,540 kwa mlalo. Fomula hii ilipatikana Norwei, kwa hiyo usiishike kama msahafu, punguza alfa digrii 2 uone, theluji itafika karibu mita 140 mbele zaidi, na hizo mita 140 zinaweza kuwa nyumba za watu.

Hatua ya 5: linganisha na ramani rasmi ya Uswisi, eneo lao jekundu linahesabu shinikizo la theluji (nguvu inayosukuma nayo) la zaidi ya kilopaskali 30. Yako isipofika hata karibu na nyekundu yao, rudi hatua ya 2 kwanza.